Kitanda cha Jirani

Jumamosi, 5 Oktoba. Kyuso.

Daktari wa Mwingi ameniagiza niandike kila siku saa ninazotia dawa jichoni. Nimechukua daftari lenye mistari mipana, kwa kuwa mistari ya kawaida sasa inaungana. Mtu akishaandika saa, hakuna kinachomzuia kuandika na mengine.

Hali ni hii. Jicho la kulia lilikufa miaka sita iliyopita. Linatambua mchana na usiku, basi. La kushoto lina mtoto wa jicho, na pamoja naye presha. Natakiwa kwenda Nairobi kila Alhamisi mpaka presha ishuke, ndipo nipasuliwe. Isiposhuka nitapofuka. Daktari alisema hivyo bila kuzunguka, nami nikamshukuru.

Kavindu, mke wangu, ameuliza nitalala wapi. Nimemwambia gesti. Aliendelea kuchambua ndengu za mbegu.

Dawa: saa moja asubuhi, saa moja jioni. Mvua: bado.

Jumatatu, 7 Oktoba.

Kavindu ameuliza tena nitalala wapi. Nimemjibu tena.

Binti yetu Nthenya anaishi Umoja, ghorofa ya tatu, pamoja na mwanamume anayeitwa Nderitu, Mkikuyu wa Nyeri. Wana watoto wawili. Lakini ntheo haijaletwa. Mbuzi watatu wa ntheo ndio wanaomfanya binti wa Kikamba kuwa mke wa mtu. Kabla hawajafika kwa baba yake, mzazi hawezi kulala katika nyumba ile wala kula chakula ndani yake. Sheria hii sikuitunga mimi.

Nderitu alikuja hapa miaka minane iliyopita na mjomba wake, Gicheru, na wazee wengine wawili. Hawakuleta mbuzi. Walileta bahasha ya pesa. Niliwaambia kwamba mbuzi halii ndani ya bahasha. Niliwapa maji ya kunywa wakiwa wamesimama, nikawaonyesha barabara. Hawajarudi.

Jumatano, 9 Oktoba. Nairobi.

Nimefika saa nane. Gesti iko karibu na River Road, chumba cha ghorofa ya pili. Msichana wa mapokezi alitazama nyuma yangu kana kwamba anamtafuta mtu.

"Uko solo, mzee?"

"Niko peke yangu," nikamjibu.

"Aki si utapotea."

Nikamwambia nimefundisha jiografia miaka thelathini na tatu.

Alhamisi, 10 Oktoba.

Kutoka gesti hadi hospitali ya macho ni mwendo wa saa moja kwa mtu wa umri wangu. Unashuka mpaka Haile Selassie, unapita stesheni ya reli, unavuka chini ya ile barabara iliyojengwa juu ya nguzo, kisha unapanda kilima. Nimeamua kutembea kwa miguu, kwa sababu katika gari siwezi kusoma mahali pa kushuka, nami sipendi kuuliza.

Nimejiwekea kanuni. Asiyeona vizuri asivuke barabara kwa macho, avuke kwa masikio. Akiwapo mama aliyembeba mtoto mgongoni, simama kando yake na uvuke anapovuka yeye. Mama mwenye mtoto hachezi kamari. Ukilazimika kuuliza njia, muulize bawabu. Ameketi mahali pamoja mwaka mzima, naye anafurahi kuulizwa. Usimuulize mwenye simu mkononi.

Niliposimama kuvuka kwenye reli nilinusa mkate, mkate wa moto kabisa, kana kwamba tanuri limefunguliwa nyuma yangu. Sikujua kwamba mji huu huoka hata kando ya barabara.

Presha ya jicho: thelathini na nne. Inatakiwa iwe chini ya ishirini na moja.

Nthenya alikuwa ananingoja kwenye lango la hospitali na chupa ya uji na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Sikumwambia mimi saa yangu. Namjua aliyemwambia.

"Nau," alisema, kama alivyoniita tangu utoto, "hii nimepika nyumbani lakini tunakula hapa nje. Si hapa nje ni nje?"

Nilifikiri, nikaona ni sawa. Tuliketi kwenye benchi la saruji. Nilikula, nikasema asante.

Alhamisi, 17 Oktoba. Nairobi.

Presha: thelathini na moja. Muthokoi na mboga, kwenye benchi. Mkate tena pale relini.

Ijumaa, 18 Oktoba.

Nimerudi nyumbani jioni. Mawingu upande wa Mumoni. Hakuna kilichoanguka.

Alhamisi, 24 Oktoba. Nairobi.

Presha: ishirini na nane. Daktari ameongeza dawa ya pili, saa tatu asubuhi na saa tatu usiku.

Leo benchi lilikuwa limekaliwa. Nthenya alitaka tule ndani ya ukumbi wa hospitali. Nikasema ukumbi wa hospitali si nyumba ya mtu, hakuna ubaya. Alinitazama muda mrefu, au nadhani alinitazama. Uso wake kwangu sasa ni duara la kahawia.

"Nau, na kama utapasuliwa, nani atakutia dawa? Hutaona hata mlango."

"Gesti ina wafanyakazi."

"Yule msichana wa kuchuinga gamu?"

Alifunga sahani yake kwa kitambaa akaenda zake. Mtu mzima anapoondoka bila kuaga huwa amelia au anakaribia kulia. Sikuweza kuona ni lipi kati ya hayo.

Jumapili, 27 Oktoba. Kyuso.

Mvua imeanza saa kumi usiku. Milimita ishirini na mbili kwenye kipimo changu. Ibada ilikuwa fupi. Kila mtu alikuwa na jembe akilini.

Jumatatu, 28 Oktoba.

Kupanda ndengu.

Jumanne, 29 Oktoba.

Kupanda ndengu. Siioni mistari, hivyo Kavindu ametangulia na kamba, mimi nafuata kwa mkono. Alisema, "Leo mwalimu anafuata." Alicheka peke yake hadi mwisho wa mstari.

Alhamisi, 31 Oktoba. Nairobi.

Presha: ishirini na tano. Mvua kubwa. Mji ukinyeshewa hupoteza kingo zake: njia ya miguu na barabara ni kitu kimoja, maji. Nilivuka nyuma ya akina mama watatu.

Alhamisi, 7 Novemba. Nairobi.

Nimepatwa na tukio.

Kwenye makutano ya Haile Selassie hapakuwa na mama yeyote. Nilisikiliza, nikasikia magari yamesimama, nikaanza kuvuka. Bodaboda hazisimami pamoja na magari. Hilo sikuwa nimeliweka katika kanuni zangu. Mara mtu alinishika koti kwa nyuma akanivuta kwa nguvu hadi nikakaribia kuanguka. Pikipiki ilipita mahali nilipokuwa; upepo wake niliusikia usoni.

Lakini wakati huo nilifikiri ni mwizi. Niligeuka nikampiga mkononi kwa mwavuli mara mbili, kwa nguvu zangu zote, nikasema, "Huna haya!" Watu walicheka. Mwanamke mmoja mwenye kibanda cha matunda akasema, "Mzee, huyo amekuokoa, unamchapa ya nini?" Nilipouliza yuko wapi, akaniambia amejiendea tu, ameshika mkono.

Nilisimama pale nikitafuta mtu wa kumwomba radhi. Umati wote ulikuwa rangi moja. Palikuwa na harufu ya mkate.

Presha: ishirini na mbili. Nthenya leo hakuja. Alipiga simu kwamba kuna mgonjwa nyumbani, mkono umevimba.

Ijumaa, 8 Novemba.

Ndengu zimechipuka. Nimeinama na kuzipapasa. Zimeota vizuri.

Alhamisi, 14 Novemba. Nairobi.

Presha: kumi na tisa. Nitapasuliwa Alhamisi ijayo.

Muuguzi anayeandika majina ni mama mkali, nampenda. Alinipa karatasi yenye nafasi ya sahihi ya msindikizaji. Nikamwambia sina msindikizaji.

"Mzee, jicho lako moja halioni. Lile lingine tutalifunga. Utatembea na nini?"

"Nitapanga."

"Upange kabla ya Alhamisi. Bila mtu wa kukuchukua, sitakutoa kwa huo mlango."

Usiku nimefikiri. Nimemwomba msichana wa mapokezi anisindikize. Amekubali mara moja, bila kuondoa gamu mdomoni. Jina lake ni Shiru. Sikuwa nimemuuliza kabla ya leo.

Jumatano, 20 Novemba. Nairobi.

Shiru amebadilishiwa zamu. Ameomba radhi vizuri kabisa. Nitakwenda, Mungu akipenda, na huko nitajua la kufanya.

Jumapili, 24 Novemba. Umoja.

Siku tatu sikuandika kwa kuwa sikuwa na macho. Leo bandeji imetolewa. Ninaandika, na mistari ya daftari imeachana. Acha niandike kwa utaratibu.

Alhamisi nilipasuliwa saa nne. Hakukuwa na maumivu. Walilifunga jicho, wakaniketisha kwenye kiti ukumbini. Nilikuwa gizani kabisa, na kelele za watu zilionekana kuja kutoka juu. Muuguzi alikuja na karatasi yake.

"Mzee Muthama. Msindikizaji?"

"Hajafika," nikasema. Lilikuwa jibu lisilo la kweli, nami nililijua.

"Si huyu hapa?"

"Nani?"

"Huyu mkwe wako. Kila Alhamisi anakaa hapo kwa mlango mpaka utoke. Leo nimemwambia, wewe, acha kujificha, njoo uweke sahihi." Kisha, si kwangu: "Na huo mkono umepona?"

Sauti ya kiume ikajibu taratibu, "Umepona."

Nilinusa mkate.

Hapo nilielewa, kwa mpigo mmoja, wiki zote. Nderitu hufanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate, Industrial Area. Kila Alhamisi alikuwa akitoka kazini asubuhi, anakuja River Road bila kulala, anasimama mbali hadi nitoke gesti, anatembea nyuma yangu hadi hospitali na nyuma yangu kurudi. Nilikuwa nikitembea na tanuri mgongoni nikidhani ni mji. Na kanuni zangu zote, masikio na mabawabu na akina mama, zilikuwa na mtu nyuma yake aliye tayari kushika koti.

Nikasema, "Nilikupiga."

"Kidogo tu, mzee."

"Mara mbili."

"Ya pili ndiyo iliuma."

Muuguzi alicheka. Mimi sikucheka. Nderitu aliweka sahihi.

Nilimwambia anipeleke gesti. Nilijiandaa kubishana. Lakini yeye hakunikaribisha kwake. Alisema hivi, na nayaandika kama alivyosema:

"Mzee, siwezi kukupeleka kwangu. Najua sheria yenu. Lakini kwa ploti yetu, mlango unaoangaliana na wetu, kuna Mkamba, Mutisya na mke wake Kaveke. Mwaitu, mama yake Nthenya, alilala kwao tulipopata watoto, mara zote mbili. Wametandika kitanda. Hapo si kwangu."

Sikuwahi kumuuliza Kavindu alilala wapi safari zile. Nilikuwa nimekataza habari za nyumba ile mezani kwangu. Kwa hiyo mtu wa Nyeri ndiye aliyeilinda sheria ya Wakamba mjini, na mimi nilikuwa nikiilinda kwa kukodi chumba.

Nilishika bega lake, tukaenda.

Kaveke, mke wa jirani, alinipokea kwa kelele. "Mwalimu! Kitanda hiki mke wako amekilalia mara mbili, hajalalamika. Wewe ukilalamika nitajua ni wewe uko na shida." Mumewe, Mutisya, alinishika mkono akauweka juu ya ubao wa kitanda ili nijue kilipo. Nthenya alikuja kila baada ya saa mbili kutia dawa. Alitembea hatua nne kutoka mlango wake hadi wa Kaveke. Nilizihesabu.

Ijumaa asubuhi, nikiwa gizani, milango yote miwili ikiwa wazi kwa ajili ya hewa, nilisikia sauti ya Nthenya ng'ambo:

"Kavindu! Toa kidole puani!"

Nilishtuka nikaketi. Nimeishi na Kavindu miaka arobaini na minane, na hakuna binadamu aliyewahi kuthubutu kumwambia hivyo. Ikafuata: "Kavindu, nitakuchapa. Kavindu, kunywa uji. Kavindu, nani amekuambia uvae viatu vya baba yako?"

Kaveke alikuwa jikoni anacheka hadi sufuria zinagongana. "Hukujua? Mkubwa ni Waruguru, amepewa jina la mama yake Nderitu. Huyu wa pili ni wenu. Ana miaka minne na haogopi mtu."

Sikujua. Mke wangu alikuwa na mjukuu mwenye jina lake na akanyamaza miaka minne, kwa kuwa niliamuru.

Leo bandeji imetoka. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kitanda cha chuma chenye rangi ya kijani, cha pili ni uso wa Nthenya. Ana mvi mbili upande wa kushoto. Ametimiza miaka thelathini na sita.

Jumanne, 26 Novemba. Umoja.

Nderitu alikuja kunisalimu kabla ya kwenda kazini. Ni mrefu, ana uso wa mtu asiyelala vya kutosha. Hakuketi mpaka nilipomwambia.

Nilimuuliza kwa nini alileta bahasha.

"Kwetu mbuzi wanahesabiwa tu kwa mdomo, mzee, halafu unaleta bahasha, watu wanakula. Niliuliza Mkamba mmoja kazini. Akaniambia hata kwao siku hizi ni hivyo."

"Mtu wa wapi?"

"Wa Machakos mjini."

Nikasema hiyo inaeleza mambo mengi. Alitabasamu kidogo. Nikamuuliza kwa nini hakurudi na mbuzi wenyewe. Miaka minane ni mingi.

Akasema: "Mtu haleti ntheo peke yake. Lazima wazee. Na mjomba Gicheru ndiye amenilea. Aliapa. Alisema mtu mzima alivaa suti, akasafiri tangu alfajiri, akanyweshwa maji kwa mlango kama ng'ombe. Akasema hatarudi Kyuso hata kwa mazishi yako. Nisamehe, mzee, ndivyo alisema."

"Yuko wapi?"

"Ana yadi ya mbao, Gikomba."

Alhamisi, 28 Novemba. Umoja.

Daktari ameridhika. Presha: kumi na sita. Naona ubao wote isipokuwa mstari wa mwisho.

Nimemwambia Nderitu kwamba kesho nina safari mjini, na kwamba safari hii asinifuate. Alitaka kusema kitu. Nikamwambia tena.

Ijumaa, 29 Novemba. Umoja.

Nimekwenda Gikomba. Tangu Oktoba, hii ndiyo safari ya kwanza niliyotembea katika mji huu peke yangu kweli, na niligeuka mara kadhaa kuhakikisha.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Matope ya Gikomba ni meusi na yana vipande vya nguo ndani yake. Mikokoteni inakuja na watu wanapiga kelele "Side! Side!" na huo upande haupo. Kwa jicho moja jipya kila kitu kina makali: misumari, mabati, kucha za watu. Nilikuwa nimesahau kwamba umati una nyuso. Niliuliza njia mara tano, na mara mbili niliwauliza wenye simu mikononi. Wote wawili walinielekeza vizuri. Mmoja alinifikisha hadi pembeni mwa yadi.

Gicheru ni mzee wa umri wangu, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa anasimamia msumeno. Vijana sita hivi walikuwa wakipanga mbao.

"Unataka timba?" alipaza sauti.

"Naitwa Muthama. Natoka Kyuso."

Alinyoosha mkono akazima mashine.

"Nyinyi, kujeni muone! Huyu ndio ule mzee wa maji!" Walikuja. Walionekana wanaijua hadithi. "Mwalimu, umekosea soko. Hapa ni mbao. Mbuzi ziko Kiamaiko, na zinalia vizuri sana."

Walicheka. Nilingoja wamalize, kama mtu anavyongoja darasa.

"Nimekuja kusema neno moja," nikasema. "Mlifika kwangu mmevaa vizuri, mmetoka mbali, nami sikuwapa viti. Kuhusu mbuzi nilikuwa sahihi. Kuhusu viti nilikosea."

"Hebu rudia hapo kwa viti."

"Kuhusu viti nilikosea."

"Sauti, mwalimu! Hawa wa nyuma hawajasikia."

Nikasema mara ya tatu, kwa sauti niliyokuwa nikitumia gwarideni. Nadhani ilifika hadi kwa wauza viatu. Hakuna aliyecheka.

Gicheru alinitazama. Palikuwa na kiti cha plastiki kando yake, na hakunipa. Kisha akasema, "Nimesikia," akawasha msumeno.

Nilisimama kidogo. Kisha nikarudi nilikotoka, na matope yangu. Sikupotea.

Jumamosi, 30 Novemba. Kyuso.

Nimefika. Nimemwona Kavindu. Nimemwambia amezeeka. Ameniambia nami nimeanza kuona.

Baada ya chakula nilimwambia kwamba mezani sasa anaweza kuzungumza habari za nyumba ile. Alizungumza hadi taa ikaisha chaji.

Jumatano, 4 Desemba.

Palizi. Milimita tisa.

Jumatatu, 9 Desemba.

Ndengu zimechanua. Hakuna habari kutoka Nairobi.

Alhamisi, 12 Desemba.

Sikuwa na safari. Nilijikuta nimevaa koti.

Jumatatu, 16 Desemba.

Hakuna habari. Kavindu amesema, "Ulisema neno lako. Neno si mtama, haliotwi siku ya tatu." Nimemwambia mtama hauotwi, huota wenyewe. Amesema, "Ndiyo hilo."

Jumamosi, 21 Desemba.

Nthenya amepiga simu. Gicheru alimuuliza Nderitu kama barabara ya kutoka Mwingi hupitika wakati wa mvua. Hakusema zaidi. Nilimwambia Nthenya kwamba hupitika.

Nimekwenda kanisani nikaazima viti ishirini.

Jumapili, 22 Desemba.

Milimita thelathini na moja. Barabara haipitiki.

Jumatano, 25 Desemba.

Ibada. Nimeomba jua; wakulima wenzangu wasijue.

Jumamosi, 28 Desemba.

Wamekuja.

Saa sita na nusu pikapu ilisimama langoni, matope hadi vioo. Ndani yake wazee wanne, Nderitu, na mbuzi watatu: majike wawili na beberu mmoja mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Niliona doa lake kutoka barazani.

Gicheru alishuka, amevaa suti. Alisimama nje ya lango wala hakuingia. Wote walikaa kimya, hata mbuzi.

"Mwalimu!" aliita. "Nimekuja kuhakikisha. Zinalia?"

Beberu alilia wakati huohuo, kwa muda mrefu, kama aliyefundishwa. Mzee Musyimi, ndugu yangu mkubwa, alicheka hadi fimbo ikamdondoka. Nilikwenda langoni mwenyewe, nikamshika Gicheru mkono, nikamwongoza hadi kiti cha kwanza, na sikuketi mpaka wao wote walipoketi.

Beberu alichinjwa kama inavyotakiwa. Wazee walisema maneno yao. Musyimi aliuliza mara mbili kama kuna mwenye pingamizi, na mara zote mbili alinitazama mimi. Saa kumi na moja jioni binti yangu alikuwa mke wa mtu.

Gicheru aliniambia wakati wa kuaga kwamba bado anaamini bahasha ni njia safi zaidi. Mbuzi mmoja alikuwa ametafuna mkanda wa koti lake kutoka Thika hadi Mwingi. Nikamwambia sheria haikuwahi kuahidi usafi.

Ijumaa, 3 Januari.

Tumeanza kuvuna. Maganda meusi, makavu. Nayaona yaliyoiva na yasiyoiva bila kuyashika.

Alhamisi, 9 Januari. Umoja.

Nilikuja jana kwa ajili ya kuonwa na daktari. Sikwenda gesti. Kaveke alinikuta ngazini na mzigo wangu, akashika kiuno: "Mwalimu, unapita mlango wangu? Kitanda changu kimekukosea nini?" Nikamwambia hakijanikosea kitu, na kwamba nitakuja kumwamkia asubuhi.

Nilivuka kizingiti cha pili. Nyumba ina vyumba viwili, imefagiwa kupita kiasi. Nderitu alikuwa kazini. Waruguru aliniita Guka, yaani babu kwa lugha ya baba yake, akanipa mkono kama mkubwa. Kavindu mdogo alinizunguka mara moja kukagua nyuma yangu.

Nthenya alipika kuku na wali. Aliweka sahani mbele yangu, kisha yeye hakuketi. Alisimama karibu na mlango wa jikoni, mikono ndani ya leso, kama mwanafunzi anayengoja karatasi yake isahihishwe. Niliomba baraka. Nikaonja.

"Chumvi imezidi," nikamwambia.

Alicheka. Alicheka mpaka ikambidi ashike ukuta, machozi yanamtoka, nami nikaendelea kula, kwa kuwa chumvi haikuwa imezidi sana.

"Kavindu," alimwambia mtoto alipopata pumzi, "lete maji ya Guka. Amefika."